Olympic Solidarity kwa makocha: kozi nzuri, mlango mwembamba

Kocha akisikia kuna fedha za Olimpiki za kumsomesha, huuliza kwanza: naombea wapi? Jibu ni kwamba haombi yeye. Huombewa. Karibu kila zuri na kila kero ya huduma hii inatokana na hilo.

Olympic Solidarity ni kitengo cha Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, IOC, chenye ofisi zake Lausanne, Uswisi. Kazi yake imewekwa katika Kanuni ya 5 ya Mkataba wa Olimpiki: kuzisaidia kamati za Olimpiki za mataifa, hasa zile zenye uhitaji mkubwa zaidi. Makocha wametajwa katika maelezo ya kanuni hiyo, pale inapozungumziwa kuinua kiwango cha kiufundi cha wachezaji na makocha kwa kushirikiana na kamati na mashirikisho ya kimataifa. Lakini mteja anayetambuliwa ni kamati. Kamati ndiyo inayojaza fomu, ndiyo inayopokea fedha na ndiyo inayotoa hesabu. Kocha ni abiria aliyekatiwa tiketi na mtu mwingine, na asipomfahamu mkata tiketi, basi litaondoka kiti chake kikiwa kitupu au kimekaliwa na mpwa wa mtu.

Fedha zenyewe si za kubabaisha. Zinatoka kwenye fungu la kamati za mataifa katika mapato ya haki za matangazo ya televisheni ya Michezo ya Olimpiki, na hupangwa kwa miaka minne minne. Mpango wa 2013–2016 ulikuwa wa dola milioni 438. Wa 2017–2020 dola milioni 509. Wa 2021–2024 dola milioni 590. Na huu wa 2025–2028 ni dola milioni 650. Gawanya hizo milioni 650 kwa kamati 206, kisha kwa miaka minne: unapata kama dola 789,000 kwa kamati kwa mwaka. Hesabu hiyo ni ya kupata picha tu, maana humo ndani mna fungu la mabara, gharama za kushiriki Michezo yenyewe, ruzuku za uendeshaji wa ofisi, ufadhili wa wachezaji na mengine. Hata hivyo inatosha kuonyesha kwamba kamati inayosema "hakuna fungu la makocha" mara nyingi ina maana kwamba haijaliomba.

Tunachokipima hapa ni bidhaa nne za makocha: kozi ya ufundi ya siku chache inayofanyika nchini, ufadhili wa kocha kwenda kusoma nje, mtaalamu wa muda mrefu anayekuja kujenga mfumo wa nchi, na programu ya makocha wanawake wa ngazi ya juu.

Kozi ya ufundi

Hii ndiyo inayojulikana zaidi. Mtaalamu anatoka nje, anakaa siku kadhaa, anafundisha makocha wa mchezo mmoja, anaondoka. Mtaalamu huyo hachaguliwi na mtu wa nchini: shirikisho la kimataifa la mchezo husika ndilo linalomteua au kumkubali, na hapo huduma inastahili sifa. Kozi inafuata mtaala wa mchezo wenyewe, ngazi kwa ngazi. Haimtegemei rafiki wa katibu mwenye slaidi za zamani.

Mlolongo wake uko hivi. Shirikisho la taifa linaandika ombi: ngazi inayotakiwa, tarehe, mahali, idadi ya washiriki, bajeti. Ombi linakwenda kwenye kamati ya Olimpiki ya taifa, ambayo inalipanga pamoja na maombi ya michezo mingine na kuamua lipi litangulie. Kamati inalituma Lausanne. Lausanne inaliuliza shirikisho la kimataifa: mnaikubali kozi hii, na nani ataifundisha? Likijibu, tarehe inafungwa, mtaalamu anatafutiwa tiketi na viza, kozi inafanyika, kisha kamati inarudisha ripoti ya kiufundi, orodha ya washiriki na ripoti ya fedha. Mikono minne inaishika karatasi moja. Kila mkono ukiikalia wiki tatu, miezi mitatu imekwisha kabla mtu hajanunua tiketi. Anayetaka kozi kabla ya msimu aanze kuandika msimu uliopita ukiwa bado unaendelea.

Uamuzi wa kwanza unaoharibu kozi ni idadi ya washiriki. Kwa kawaida shirikisho hutaka kujaza ukumbi ili kila mkoa uridhike. Piga hesabu: kozi ya siku 6, saa 6 kwa siku, ni saa 36. Nusu iwe vitendo, yaani saa 18, sawa na dakika 1,080. Washiriki wakiwa 30, kila mmoja anapata dakika 36 za kusimama mbele na kufundisha huku mtaalamu akimtazama na kumsahihisha. Wakiwa 45, dakika 24. Wakiwa 60, dakika 18, na hapo nusu ya muda inaliwa na kupanga koni na kuitana. Kocha hajifunzi kufundisha kwa kusikiliza, kama vile mtu hajifunzi kuogelea kwa kukaa ufukweni. Washiriki 20 hadi 25 kwa mtaalamu mmoja ndiyo idadi ya kupigania, hata kama orodha ya mikoa haitatimia.

Lugha ndiyo mwizi wa pili wa muda. Mtaalamu akizungumza lugha isiyoeleweka na washiriki, mkalimani anakula karibu nusu ya saa zote, na mkalimani asiyeujua mchezo anafanya makubwa zaidi: "uzito wa mwili" unakuwa "uzito wa chuma", na mtu anarudi klabuni na programu ya hatari. Shirikisho litaje lugha inayotakiwa tangu kwenye ombi, na kama lazima awepo mkalimani, atoke miongoni mwa makocha wenyewe.

Vifaa navyo ni vya kuhesabu mapema. Kozi ya kunyanyua vitu vizito yenye vyuma viwili kwa watu 30 ni mhadhara, hata kama ratiba inasema vitendo. Katika judo eneo la mikeka ndilo linaloamua jozi ngapi zifanye kazi kwa wakati mmoja. Katika kuogelea ni njia ngapi za bwawa mmepewa, na saa ngapi. Mtaalamu akifika na kukuta uwanja umekodishwa kwa harusi siku ya tatu, hana la kufanya isipokuwa kuongeza nadharia.

Kosa ambalo halionekani hadi mwisho ni la cheti. Kuna karatasi mbili zinazofanana machoni. Moja ni cheti cha kuhudhuria. Nyingine ni cheti cha ngazi kinachotambuliwa na shirikisho la kimataifa, ambacho kwa kawaida huja baada ya mtihani, na ndicho kinachomruhusu kocha kuingia ngazi inayofuata. Barua ya mwaliko iseme wazi ni karatasi ipi itatolewa na kwa masharti gani. Kocha aliyehudhuria kozi tatu na kupata vyeti vitatu vya kuhudhuria bado yuko ngazi ile ile aliyokuwako.

Kisha kuna nani anakaa kwenye viti. Kozi ya ngazi ya pili ikijaa watu wasio na ngazi ya kwanza, mtaalamu hana budi kurudi nyuma siku mbili, na waliostahili wanakaa wakisubiri. Dawa ni fomu ya mshiriki yenye vipengele vinne tu: klabu au timu anayofundisha sasa, miaka aliyofundisha, cheti cha mwisho na tarehe yake, na idadi ya wachezaji anaowafundisha wiki hii. Kipengele cha nne ndicho chujio. Maofisa wa shirikisho wanaopenda posho hukwama hapo.

Tarehe ni mtego mwingine. Ikigongana na mashindano ya taifa, makocha wenye timu hawaji. Wanaokuja ni wasio na timu.

Kwa jumla kozi hii tunaipa alama za juu kwa maudhui na za wastani kwa matokeo. Mtaalamu huja, hufundisha vizuri, hupigwa picha na wenyeji, huondoka. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini hapa mwenyeji hupona kwa muda tu, kwa kuwa hakuna kinachomlazimisha mtu yeyote kwenda klabuni baada ya miezi sita kuona kama mazoezi yamebadilika.

Ufadhili wa kwenda kusoma

Hapa kocha mmoja anapelekwa kwenye chuo au kituo cha mazoezi nje ya nchi. Njia ni mbili: mafunzo ya jumla ya sayansi ya michezo (fiziolojia, upangaji wa mazoezi, saikolojia, tiba), au mafunzo ndani ya mchezo wake kwenye klabu au kituo cha ngazi ya juu. Mwombaji awe kocha anayetambuliwa rasmi na anayefanya kazi hiyo, awe na ushahidi wa uzoefu wa ngazi ya taifa au kimataifa, aielewe lugha ya kituo, na aahidi kwa maandishi kurudi kuitumikia michezo ya nchi yake.

Programu inayojulikana sana katika kundi hili ni ICECP ya Marekani, inayoendeshwa na kamati ya Olimpiki na Paralimpiki ya Marekani, Chuo Kikuu cha Delaware na Olympic Solidarity. Imekuwapo tangu 2008. Mshiriki huanzia Delaware, huwekwa na makocha wa mchezo wake kwa mafunzo ya vitendo, hupita kituo cha mazoezi cha Olimpiki cha Colorado Springs, kisha hurudi nyumbani na mradi wa kutekeleza, na hatimaye huwasilisha matokeo yake Lausanne. Mradi huo ndio unaoitofautisha na nyingine. Kocha hawezi kuhitimu kwa kukaa darasani tu. Lazima kitu kiwe kimefanyika nchini kwake, na lazima asimame mbele ya watu akieleza kilichofanyika na kilichokwama. Kama kozi zote za huduma hii zingefungwa kwa namna hiyo, malalamiko yetu mengi yasingekuwapo.

Ushauri juu ya mradi: usiwe "kuendeleza mchezo nchini". Huo ni ilani ya uchaguzi. Uwe kitu chenye kipimo, mtu na tarehe. Kwa mfano: kuwafundisha makocha 12 wa shule namna moja ya kupima mbio za mita 30 na kuruka juu, kukusanya vipimo mara tatu kwa mwaka, na kuvitumia kuchagua kambi ya vijana. Kazi hiyo inahitaji saa za mkononi, futi ya kupimia, daftari na barua ya ruhusa. Shirikisho lisilo na fedha linaweza kuibeba.

Inayoshindana nayo, ingawa kwa mfuko mwingine, ni kozi ya kimataifa ya makocha ya Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, iliyoanza 1964. Inadumu kama miezi mitano, inafundisha kwa mchezo, na hugharimiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Ujerumani. Kwa kocha anayetaka kuzama kwenye mchezo wake, Leipzig ina kina zaidi. Kwa anayetaka kujenga programu na kuongoza wenzake, ICECP inafaa zaidi. Angalizo la viza: nchi za Schengen hutoa viza ya muda mfupi kwa siku zisizozidi 90 ndani ya siku 180. Kozi ya miezi mitano inahitaji viza ya taifa, ambayo huchukua muda mrefu zaidi na huomba karatasi nyingi zaidi. Kocha anayepata barua ya kukubaliwa wiki tano kabla ya kozi na hana pasi ya kusafiria yenye muda wa kutosha, huyo tayari amechelewa.

Sasa lililo zito. Ufadhili unagharimia masomo, safari, malazi na chakula. Haugharimii pengo analoacha nyumbani. Makocha wengi duniani si waajiriwa wa ukocha; ni walimu, askari, mafundi au wafanyabiashara wanaofundisha jioni. Mwajiri akikataa likizo yenye malipo, miezi mitatu ya "ufadhili kamili" inakuwa miezi mitatu bila kipato. Na timu aliyoiacha? Ikikosa msaidizi, wachezaji hutawanyika. Kwa hiyo, ingawa tangazo linasema kila kitu kimelipwa, anayeweza kwenda ni yule ambaye mshahara wake unaendelea hata asipokuwapo. Kwenye mipango mingi hao ni waajiriwa wa serikali na wa majeshi, na kocha wa klabu ya mtaani anayelea vipaji wengi kuliko wote hubaki nje.

Bidhaa isiyoombwa

Katika orodha yote, inayotupendeza zaidi ni ile inayoombwa kwa uchache: mtaalamu wa muda mrefu, anayekaa nchini miezi mitatu hadi sita kusaidia shirikisho kupanga mfumo wake. Anatazama nani anafundisha watoto, nani anapokea vijana, kambi ya taifa inachaguaje, makocha wanapanda ngazi kwa njia gani. Anawafundisha makocha huku akiwatembelea viwanjani kwao. Miezi mitatu inatosha kumrudia kocha yule yule mara nne au tano, na kusahihishwa mara tano kwenye uwanja wako, na wachezaji wako, ni shule kuliko wiki nzima ya ukumbini.

Kwa nini haiombwi? Kwa sababu inamtaka mwenyeji awe na kazi ya kumpa mgeni. Lazima awepo mratibu wa nchini anayefuatana naye kila siku, ratiba ya ziara, usafiri na mpango ulioandikwa. Shirikisho lisilo na mkurugenzi wa ufundi litamweka mtaalamu hotelini na kumwita siku za mkutano. Tena, mtaalamu anayekaa miezi sita huona mambo ambayo anayekaa siku sita hayaoni. Si kila ofisi inapenda kuonwa.

Programu ya makocha wanawake, WISH, ilianza kwa majaribio 2019 na inaendeshwa na Chuo Kikuu cha Hertfordshire, Uingereza. Ni miezi 21 yenye wiki ya kukaa chuoni, mafunzo ya uongozi na mlezi wa kitaalamu kutoka shirikisho la kimataifa, na wanawake zaidi ya 100 wameshaipitia. Sababu yake iko wazi: katika Michezo ya Tokyo 2020 wanawake walikuwa kama asilimia 13 tu ya makocha. Mshiriki hahitaji kuondoka kazini kwa miezi, kwa hiyo tatizo la kipato tulilolitaja linapungua sana. Hapa pia mlango ni shirikisho, na lisipomteua mwanamke yeyote, hakuna wa kupita.

Uongozi wa fedha: nani anamlinda kocha

Kamati ya taifa hutakiwa kutoa hesabu zilizokaguliwa na ripoti kwa kila shughuli. Ni vizuri, lakini adhabu ya kutotii inamwangukia asiyehusika. Ripoti ya kozi ya mpira wa mikono ikikosa stakabadhi, salio halitoki, na ombi la kozi ya riadha linakaa kwenye foleni. Wahasibu wa mashirikisho wanajua yanakovuja: posho zilizolipwa bila saini za kila siku, stakabadhi ya ukumbi isiyo na tarehe, fedha zilizobadilishwa bila karatasi ya benki inayoonyesha kiwango cha siku hiyo, na washiriki 25 kwenye bajeti lakini 31 kwenye karatasi ya chakula. Mtu mmoja awe na faili la kozi tangu siku ya kwanza. Kuitafuta stakabadhi ya mwenye hoteli baada ya miezi minne ni kumfukuza kuku gizani.

Mgogoro ukiwa mkubwa zaidi, bomba zima hufungwa. Oktoba 2024 IOC ilisimamisha malipo ya Olympic Solidarity kwa kamati ya Olimpiki ya India kwa sababu ya mvutano ndani ya uongozi wake. Kilichobakizwa ni malipo ya moja kwa moja ya ufadhili wa wachezaji. Mchezaji alikuwa na njia ya pembeni ya kupata fedha yake. Kocha hakuwa nayo.

Tofauti hiyo haikutokea kwa bahati. Kanuni ya 28 ya Mkataba wa Olimpiki inazitaka kamati za taifa ziwe na wawakilishi wa wachezaji waliochaguliwa, na IOC yenyewe ina tume ya wachezaji. Makocha hawana kiti cha lazima kwenye kamati. Bodi ikigawa maombi ya mwaka, chumbani hamna mtu aliyepigiwa kura na makocha. Hata medali ya Olimpiki haivishwi kocha, na dola 50,000 ambazo World Athletics, shirikisho la riadha la dunia, ilitoa kwa kila dhahabu ya riadha Paris 2024 zilikuwa za wachezaji. Alichopata kocha kilitegemea makubaliano yao wawili, kama yalikuwapo.

Ukilinganisha na mfumo wa Uingereza

Haiwezekani kuipima huduma hii bila kuiweka kando ya mfumo unaofanya kinyume chake, wa UK Sport, chombo cha Uingereza kinachogawa fedha za michezo ya ngazi ya juu. Baada ya kupata dhahabu 1 tu Atlanta 1996 na kushika nafasi ya 36, Uingereza ilianza 1997 kumwaga fedha za bahati nasibu ya taifa kwenye michezo ya ngazi ya juu. Sydney 2000 ilipata dhahabu 11, Beijing 2008 dhahabu 19, London 2012 dhahabu 29, Rio 2016 dhahabu 27 na nafasi ya 2. Paris 2024 dhahabu zilishuka hadi 14, ingawa medali zote zilikuwa 65.

Siri ya mfumo ule kwa kocha ni mshahara. Shirikisho la mchezo linapewa fedha za programu kwa miaka minne, na kwa fedha hizo linaajiri makocha kwa mkataba, pamoja na wataalamu wa tiba na sayansi. Hali hugeuka kwa mchezaji: anapata ruzuku ya kujikimu, si mshahara. Mwendesha baiskeli Jess Varnish alipodai mahakamani kwamba alikuwa mwajiriwa, baraza la kazi lilikataa mwaka 2019, na rufaa yake ikashindwa 2020.

Lakini mshahara wa kocha umefungwa kwenye medali. Badminton ilitimiza lengo lake Rio kwa medali ya shaba, na bado Desemba 2016 ikaambiwa haitapata kitu kwa mzunguko wa Tokyo. Kocha wa mfumo huo anajua kwamba nukta mbili kwenye seti ya tatu zinaweza kuamua kama ana kazi. Shinikizo hilo lina njia zake za kutokea. Ripoti ya wakili Anne Whyte kuhusu jimnastiki, iliyotolewa Juni 2022 baada ya maelezo zaidi ya 400 kupokelewa, ilionyesha wachezaji, wengi wao watoto, waliotendewa vibaya kimwili na kiakili ndani ya mchezo uliokuwa ukisifiwa kwa medali zake.

Kwa upande wa uongozi, Uingereza ina kitu ambacho Olympic Solidarity ingeweza kukiiga kesho asubuhi: masharti ya utawala yanayotangulia fedha. Kanuni za 2016 zilitaka wajumbe huru wasipungue asilimia 25 ya bodi, kila jinsia ifikie angalau asilimia 30, na mjumbe asikae zaidi ya miaka 9. Marekebisho ya 2021 yakaongeza mjumbe wa bodi anayewajibika kwa ustawi na usalama wa watu. Shirikisho lisilotimiza halipati. Masharti ya namna hiyo hayahitaji utajiri, yanahitaji anayetoa fedha awe tayari kuzuia hundi.

Olympic Solidarity haina ubaya wa kumfukuza kocha kwa kukosa medali, na hilo tunalihesabu upande wa sifa. Udhaifu wake ni wa upande wa pili: inamfundisha kocha halafu haiulizi kama ana kazi.

Anayefaa na asiyefaa

Kocha mwenye timu, mwenye cheti cha ngazi ya kwanza, mwenye mwajiri anayeeleweka na shirikisho lenye katibu anayejibu barua, aombe kila kitu kwenye orodha. Kocha ambaye shirikisho lake lina kesi mahakamani au makundi mawili yanayodai ofisi, asipoteze mwaka akisubiri Lausanne. Atazame mafunzo ya mtandaoni ya shirikisho la kimataifa la mchezo wake. Katibu wa shirikisho anayesoma hapa aache kuomba kozi ya tatu ya ngazi ya kwanza, aombe mtaalamu wa miezi mitatu.

Kwa anayeteuliwa kwenda nje, kabla ya kusaini ile ahadi ya kurudi, kuna barua moja ya kudai kutoka kwa shirikisho, yenye muhuri na nakala kwa kamati ya Olimpiki. Iseme cheo atakachorudi nacho na timu atakayopewa. Itaje nani anashika timu yake kwa muda na analipwa na nani. Ionyeshe kama mwajiri ameridhia likizo yenye malipo, kwa barua iliyoambatishwa. Iweke tarehe, ndani ya siku 60 baada ya kurudi, ya semina ya siku mbili ambayo kocha huyo atawafundisha wenzake, na itaje ukumbi. Ahadi ya kurudi inamfunga kocha peke yake; barua hii ndiyo inayoufunga upande wa pili. Katibu akisema "tutaongea ukirudi", fomu ya ahadi ibaki mezani kwake bila saini mpaka barua itoke.